Majira ya Kuomba Barua

Jumapili, 29 Juni

Niko mwaka wa mwisho wa udaktari, na kesho naanza mwezi wangu kwenye kitengo cha kupandikiza figo. Nimelipiga pasi koti jeupe mara mbili, ingawa najua ndani ya chumba cha upasuaji hakuna atakayeliona. Rosalba, ninayeishi naye, alikuwa amejilaza kwenye kochi anakula jibini langu la kukaanga bila kuniomba. Yeye ametoka Newark. Vitu vidogo anavichukua tu, na vikubwa anaviomba kwa sauti mpaka apewe. Barua zake zote za mapendekezo ya madaktari anazo tangu Mei, na mwakani anakwenda kusomea ubingwa wa watoto.

"Sikiliza, shoga," akaniambia. "Barua inaombwa mkono ungali na joto. Unamwomba wiki ya mwisho ukiwa naye, si miezi miwili baadaye akiwa amekusahau na jina. Unamwambia hivi: Daktari, naomba uniandikie barua nzuri. Nzuri, umesikia? Akisitasita, mshukuru ujiondokee, maana barua ya vuguvugu ni sumu."

"Na akiona najipendekeza?"

"Ataona unataka kazi! Nyie watu wa Wisconsin bwana. Nyumba ikiwaka moto mtapiga simu zimamoto mseme samahani, pana moshi kidogo huku, lakini msijisumbue."

Nilicheka, lakini ndivyo tulivyo. Kwetu Chilton kitu hukiombi, unakizunguka. Ukipewa keki unakataa, ukisisitiziwa unakataa tena, ya tatu ndiyo unasema haya, kipande kidogo. Baba yangu anaweza kusimama uani kwa jirani akaongea habari za mvua mpaka jua lizame, na jirani akajua kwamba anataka kuazima trekta. Kule kwetu mambo yanakwenda hivyo na yanakwenda vizuri.

Hapa Milwaukee ni shida. Nina barua mbili za mwaka jana. Ya tatu lazima iwe ya daktari mpasuaji aliyeiona mikono yangu mwaka huu, na iwe imefika kabla ya tarehe 24 Septemba, siku ambayo hospitali zote nchini zinaanza kuyasoma maombi yetu. Bila hiyo, ombi langu la kusomea upasuaji litawekwa kando halafu lisahaulike. Na mpasuaji nitakayekuwa naye ni mmoja tu, Dk. Verena Sonderegger. Wanasema haandikii watu wengi, na kwamba akimwandikia mtu, hospitali nyingine humpigia simu kuuliza huyo ni nani.

Jumatatu, 30 Juni

Nimemwona. Ni mwanamke mfupi, mvi zimejaa, anasimama juu ya kijukwaa ili aifikie meza. Akaniangalia kutoka juu ya barakoa.

"Unatoka wapi, Wendorf?"

"Chilton, Daktari."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

"Mimi New Glarus. Ng'ombe pia. Simama hapo, shika hiki, usiegemee mgonjwa."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya leo.

Jumanne, 1 Julai

Mabega yananiuma. Nimefurahi.

Jumatano, 2 Julai

Nimetumwa wodini kuwapima wawili watakaofanyiwa upasuaji kesho. Bwana Clement Okray ni dereva wa basi la shule. Figo zake zimekufa na damu yake inasafishwa kwa mashine tangu mwaka juzi. Anayempa figo ni Bernadine, aliyekuwa mke wake. Waliachana zamani, na mama huyo sasa ana mume mwingine, ambaye alikuwa kwenye kiti cha pembeni anasoma gazeti la uvuvi.

Nilishindwa kuizuia sura yangu, na Bernadine akaniona.

"Usishangae, daktari mdogo. Nilimwacha yeye, sikuziacha figo zake."

"Bernie," akasema Bwana Okray kutoka kitanda cha pili.

"Nyamaza, namsimulia mtoto wa watu. Mwaka mzima ananizunguka. Anakuja kuleta nyanya za bustani. 'Nimechoka kidogo siku hizi, Bernie.' Kesho yake analeta matango. 'Daktari anasema watu wa damu moja na mimi hawapo, Bernie.' Mimi najua anachotaka, hata mume wangu anajua. Siku moja nikamwambia, Clem, weka matango chini, useme. Kitu cha ndani ya mwili wangu sikitoi kwa kudokezwa."

"Na akasema?"

"Alikwenda kukaa ndani ya gari kwanza."

Bwana Okray alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nilisema," akajibu. "Ikachukua muda, lakini nilisema."

Alhamisi, 3 Julai

Sijui nianzie wapi.

Figo la Bernadine lilitolewa asubuhi, likaoshwa kwa maji baridi, likaletwa kwetu ndani ya bakuli la barafu. Lilikuwa la rangi ya uyoga, dogo, limepoa kabisa. Ungeliona buchani usingelinunua. Dk. Sonderegger akalilaza tumboni mwa Bwana Okray akaanza kuunganisha mshipa na mshipa, kwa uzi ambao mimi sikuuona. Niliona mkono tu, unakwenda na kurudi.

Kisha akasema, "Wendorf, tazama sasa." Akafungua vibanio.

Damu ikaingia. Figo likajaa, likanyanyuka kidogo, na ile rangi ya uyoga ikakimbia kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka lote likawa la waridi. Lilianza kudunda. Ule mrija wake wa mkojo ulikuwa bado unaning'inia, haujafungwa popote, nao ukatikisika ukatoa tone. Halafu tone jingine. Halafu ukaanza kurusha, juu ya vitambaa vyetu, juu ya glavu yangu, mkojo safi wa mtu aliyekuwa amesahau mkojo ni nini. Nikalia ndani ya barakoa, na huwezi kujifuta pua pale, unaachia tu.

Nikamwangalia Dk. Sonderegger. Hilo ameliona maisha yake yote ya kazi. Alikuwa amesimamisha mikono hewani na macho yamemtoka.

"Kila mara," akasema, wala si kwangu. "Kila mara."

Leo nimejua nataka kufanya nini mpaka nizeeke.

Ijumaa, 4 Julai

Fataki juu ya ziwa. Rosalba alipiga kelele kila moja ilipopasuka. Mimi nilikuwa nawaza ile rangi.

Jumatano, 9 Julai

Dk. Sonderegger amenifundisha fundo la mkono mmoja kwa kamba ya kiatu iliyofungwa kwenye mpini wa droo. Nikaenda haraka ili anione hodari.

"Polepole. Haraka ni ya wanaume wenye wasiwasi."

Nikafunga tena. Akalivuta, halikufunguka. Akaondoka bila neno. Rosalba anasema kwa lugha ya kwetu hayo ni makofi na vigelegele.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nilikaribia kuomba. Tulikuwa tunanawa mikono, sisi wawili tu. Nikasema, "Nasikia mwezi wa tisa maombi yanakuwa mengi sana." Akasema, "Ndiyo, mengi." Tukaendelea kunawa.

Rosalba alipigiza paji la uso mezani niliposimulia. "Umemzunguka kama paka na maziwa ya moto! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Lorna. Inama!"

Nitaomba wiki ijayo.

Jumanne, 15 Julai

Leo sitaki kuandika lakini nisipoandika sitalala.

Joyelle Tibbs ni mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, mdogo, labda ananizidi mwaka au miwili. Amekuwa kwenye orodha ya kusubiri tangu akiwa chuoni. Jana likapatikana figo la mtu aliyefariki. Asubuhi nilimsukuma kitanda mwenyewe hadi mlangoni, naye anaimba chinichini. "Nikiamka nataka kukojoa kama farasi, umesikia, daktari mdogo?" Nikamwambia utakojoa.

Kila kitu kilikwenda vilevile. Mkono ulikwenda na kurudi. Vibanio vikafunguliwa, figo likawa la waridi, na mimi nikaanza kutabasamu.

Kisha likaanza kuwa jeusi.

Si ghafla. Lilianza upande mmoja, kivuli cha zambarau. Dk. Sonderegger alikiona kabla yetu sote. "Damu imeganda," akasema, akafunga vibanio, akafungua mshono wake mwenyewe, akasafisha, akashona upya. Akafungua. Waridi, kisha kivuli. Akarudia tena. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Aliomba vyombo vilevile kwa maneno yaleyale, na jasho likamtoka chini ya kofia mpaka muuguzi akawa anamfuta. Mwisho likawa rangi ya bilinganya, halidundi. Aliliwekea kiganja, akakaa nalo hivyo kwa muda. Halafu akalitoa.

Nilipotoka kwenda kubadilisha nguo nilimkuta kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu amevivua. Alikuwa anaiangalia mikono yake. Aliniona. Nikapita.

Baadaye, Joyelle alipoamka sawasawa, nilikuwa mlangoni na faili mkononi. Wapo madaktari wanne wanaosomea ubingwa chini ya Dk. Sonderegger, yeyote angeweza kutumwa kumwambia. Alikuja mwenyewe. Akaketi kitandani, miguuni pa Joyelle, akaishika ile miguu juu ya blanketi.

"Bi. Tibbs, nimeshindwa kuliokoa figo lako. Liliganda damu. Nilijaribu mara tatu, nikashindwa, nikalitoa."

Hakusema bahati mbaya. Hakusema mwili umelikataa.

Joyelle alimtukana. Matusi ya kweli, ya mtu anayejua muziki, kila moja na mdundo wake. Dk. Sonderegger akakaa. Kisha Joyelle akalia, na kilio kile kilidumu, na mwanamke yule hakuachia miguu, hakuangalia saa, wala simu yake haikutolewa mfukoni ilipolia. Mwisho Joyelle akafuta uso kwa shuka.

"Haya. Lini tena?"

"Sijui," akasema Dk. Sonderegger. "Nakudanganya nikisema najua. Nitakuwa hapa."

Nilikuwa nimeishika faili kwa nguvu mpaka imekunjika.

Ijumaa, 18 Julai

Siwezi kumtazama usoni. Nashika ninachoambiwa, najibu ndiyo Daktari, macho yangu yako kwenye viatu. Nikimtazama namwona pale sakafuni, kisha namwona akiinuka. Nitamwombaje barua mtu wa namna hiyo? Ni sawa na kumwomba mlima uninyanyue mkoba.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya mwisho. Nilijua ni leo au basi.

Alinisindikiza hadi mlango wa kitengo. Kwetu kuagana ni kazi ya nusu siku: unaaga mezani, unaaga mlangoni, unaaga garini, unaagwa tena kupitia dirishani. Tukaongelea mahindi. Tukaongelea ndama waliozaliwa kwa baba. Akashika kitasa, akakiachia.

"Basi, Wendorf. Kama kuna kitu chochote unahitaji kutoka kwangu."

Hapo ndipo. Alinifungulia mlango kwa maneno kabisa. Na mdomo wangu, mdomo wa Chilton uliolelewa vizuri, ukasema, "Hapana, Daktari, niko sawa kabisa, asante sana."

Nilikuwa nimekataa mara ya kwanza tu! Nikangoja asisitize. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Haya. Safari njema."

Akaingia ndani. Nikabaki nautazama mlango.

Jumamosi, 26 Julai

Rosalba hajaniambia kitu tangu jana. Hilo linatisha zaidi.

Jumatatu, 4 Agosti

Mwezi huu niko chumba cha dharura, hospitali nyingine, ng'ambo ya mto. Watoto wenye shanga puani. Barua: sina.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba amepiga simu. Mvua ni nzuri, mahindi yamempita kimo. Nikamwambia habari ya barua na nilivyojibu mlangoni.

"Ulijibu vizuri," akasema. Kisha akafikiri. "Labda angeuliza mara ya pili."

"Hakuuliza, Baba."

"Yeye si wa New Glarus?"

"Ndiye."

"Hapo sielewi," akasema baba yangu, na kweli hakuelewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Rosalba amevunja ukimya. "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Unajua hao madaktari wanaandika usiku, wamechoka, wana barua kumi za watu walioomba mapema? Mtu wa kuandika cha maana anahitaji mwezi mzima. Umebakiza huo huo."

"Najua."

"Hujui. Unamwabudu, ndiyo tatizo lako. Ukimwabudu mtu huwezi kumwomba kitu. Unabaki kumwashia mishumaa."

Nikamwambia Mungu huombwa. Akanirushia mto.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimesikia kwa muuguzi: Dk. Sonderegger anaondoka Ijumaa. Kila mwaka anakwenda kaskazini, maziwa ya mpakani Minnesota, na mtumbwi na hema, huko simu haifiki. Anarudi katikati ya Septemba.

Tumbo limeniuma mchana kutwa. Ngoja ngoja hii, na nilijitakia.

Jumatano, 27 Agosti

Nimekwenda.

Nilimkuta ofisini anahesabu vigingi vya hema juu ya meza, katikati ya mafaili. Nilisimama mlangoni nikaanza, "Naona hali ya hewa huko kaskazini itakuwa..." kisha nikamkumbuka Bwana Okray na matango yake, nikaona aibu kuliko aibu ya kuomba.

"Daktari, nakuja kukuomba uniandikie barua. Barua nzuri, ya kusomea upasuaji. Nilitakiwa niombe Julai."

Aliacha kuhesabu.

"Nilikuuliza mlangoni."

"Ndiyo, Daktari."

"Ukasema hapana."

"Ndiyo, Daktari. Nilikuwa nangoja uulize tena."

Alinitazama hivyo, na kitu kikapita usoni kwake, nusu kicheko. "Mungu wangu. Mama yangu kafa na tabia hiyo." Kisha kicheko kikaondoka. "Nilidhani hutaki jina langu kwenye karatasi zako. Tangu siku ya Bi. Tibbs hukuniangalia usoni hata mara moja."

Nilikuwa nimetumia ujasiri wote kwenye sentensi ile moja.

"Nitaandika," akasema, akarudi kwenye vigingi.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Rosalba nimeomba. Alinibeba mgongoni akazunguka nami jikoni tukavunja kikombe. Lakini maneno yale yamenikaa kifuani. Mtu mkubwa vile, wiki hizi zote, amekuwa akijiuliza mimi namwonaje.

Jumanne, 2 Septemba

Kwenye mtandao wa maombi kuna kisanduku cha kuweka alama, kwamba unajivua haki ya kuisoma barua utakayoandikiwa, leo na hata milele. Kila mtu anakiwekea alama. Usipofanya hivyo wasomaji hawaiamini barua. Nimeweka. Mbele ya jina la Dk. Sonderegger pameandikwa: bado.

Jumapili, 7 Septemba

Bado.

Jumamosi, 13 Septemba

Bado. Usiku kumeanza kuwa na baridi. Rosalba ameacha kuniuliza, anasoma tu uso wangu nikifunga kompyuta.

Jumatano, 17 Septemba

Dk. Sonderegger amerudi kazini tangu juzi. Bado. Barua pepe ya kumkumbusha nimeiandika mara kadhaa nikaifuta. Rosalba akaisoma mojawapo juu ya bega langu: "'Pole kwa usumbufu, najua una shughuli nyingi, wala si lazima.' Wala si lazima! Basi mwambie akaitupe ziwani."

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda tena, mchana, bila kutuma ujumbe wowote.

Alikuwa amechomwa na jua, shingo imejaa alama za mbu. Kwenye meza palikuwa na kurasa za mkono, chafu, nyingine zina madoa ya maji.

"Daktari, nimekuja kuulizia barua yangu. Keshokutwa ndiyo siku yenyewe."

"Najua siku. Nimeiandika mara tatu huko kambini." Akazisukuma zile kurasa mbali naye. "Hodari. Ana bidii. Anashirikiana na wenzake. Hata mbwa wangu naweza kumwandikia hayo, na ningekuwa sisemi uongo. Funga mlango."

Nikafunga.

"Nataka nikuulize kitu, Wendorf, na una haki ya kukataa kunijibu. Barua utapata vyovyote." Alikuwa anakunja kona ya karatasi na kuikunjua. Vidole vile ambavyo nimeviona vikishona kitu kisichoonekana, vilikuwa vinashindwa kutulia. "Siku ile. Uliona nini?"

Nilikuwa nimesimama. Nikaketi, bila kukaribishwa.

"Nilikuona umekaa sakafuni," nikasema.

"Hilo najua."

"Hilo halikunitisha, Daktari. Yeyote angekaa. Kilichonitisha ni ulivyoinuka. Una watu wanne wa kuwatuma. Ulikwenda mwenyewe ukamshika miguu. Ulisema nimeshindwa, hukusema figo limeshindwa. Akakutukana, hukujitetea. Akalia, hukuondoka. Akakuuliza lini tena, ukamwambia hujui." Sauti yangu ilikuwa imeanza kukatika lakini nikaiacha iende hivyohivyo. "Nikajiambia mimi siwezi hiyo. Halafu nikajiambia nataka kuwa mtu anayeweza. Nilikuwa sikuangalii usoni kwa sababu nilikuona mkubwa mno. Sikujua mtu anaweza kuwa hivyo. Sikujua kama kuna kumwangalia mtu ukishamwona vile."

Nje mtu alipita akisukuma kigari cha dawa.

"Nilidhani umeniona mchinjaji," akasema. "Nilipopiga kasia kule, asubuhi, nilikuwa nafikiri: yule binti wa Chilton ameona, amekuwa mpole tu kutosema. Na ni kweli unajua, wapo watakaosema ule mshono wa kwanza..." Akasita. "Joyelle Tibbs amekuja kliniki Ijumaa. Amerudi kwenye orodha. Amesema akinipata mimi tena, sawa. Nikaenda nikakaa chooni."

Nilimwangalia tu, machoni, nikaendelea kumwangalia. Ana macho ya kahawia, yamechoka. Sikuwa nimejua rangi yake.

"Toka nje sasa," akasema. "Siandiki nikitazamwa. Usiende mbali."

Nikakaa ukumbini kwenye kiti cha wagonjwa. Kupitia mlangoni nilisikia anachapa, kwa vidole viwili nadhani, anasita, anachapa. Mara moja nikasikia anapenga kamasi. Nilikaa pale nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi. Ndani ya chumba kile mwanamke yule alikuwa ananitafutia maneno mimi, binti wa mfugaji, mimi niliyeshindwa kufungua mdomo mlangoni kwake.

Mlango ukafunguka.

"Imekwenda."

"Asante, Daktari."

"Umejivua haki ya kuisoma?"

"Nimejivua."

"Vizuri," akasema, na akafunga mlango.

Jumatano, 24 Septemba

Tangu asubuhi watu nisiowajua, katika miji ambayo mingine sijawahi kuikanyaga, wanasoma Dk. Sonderegger alivyoniona. Wataniita au hawataniita, na nikifika wataniangalia wakiwa tayari wanajua kitu kuhusu mimi ambacho mimi sikijui wala sitakijua. Nimezunguka na jambo hilo wodini siku nzima. Rosalba aliniuliza kama sina hata hamu ya kuchungulia. Ninayo, nikamwambia, na nimeogopa jinsi ilivyo nzuri hamu hiyo.

Jioni nilimpigia baba.

"Barua imefika, Baba. Nilimwomba."

"Ulimwomba vipi?"

"Kwa mdomo. Nilisema naomba."

"Hivyo hivyo? Mbele yake?"

"Mbele yake. Mara mbili."

"Na hakukasirika."

"Hakukasirika."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mashine ya kukamulia. Hakuongelea mvua.

"Lorna," akasema. "Naomba uje nyumbani Jumamosi. Hakuna tatizo lolote. Nimekukumbuka tu, mwanangu, nataka kukuona."

Baba yangu hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Niliketi chini pale pale nilipokuwa, kwenye ngazi za nyuma, nikamwambia nakuja.